Mafundi wa Mapafu

Mwaka 1906 daktari mmoja wa Kijerumani, mtu mwenye ndevu na miwani ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 60, alipiga kambi katika visiwa vya Sese, upande wa kaskazini wa ziwa letu. Jina lake Robert Koch. Alikuja kutafuta dawa ya malale, ugonjwa ambao wakati ule ulikuwa ukiteketeza vijiji vya Uganda vilivyo kandokando ya ziwa, na ambao vijana wa Kiziba waliokwenda huko kutafuta kazi walirudi nao nyumbani. Mwaka 1907 Wajerumani wakafungua kambi ya wagonjwa wa malale Kigarama, huko huko Kiziba. Kwa hiyo jina la Koch si geni katika historia ya Buhaya, ingawa ni wachache wanaolikumbuka.

Sisi tuliopita madarasani tunamfahamu Koch kwa jambo jingine. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, ndiye aliyewathibitishia wenzake kwa hadubini kwamba kifua kikuu husababishwa na kijidudu. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba ni ugonjwa wa ukoo, au wa hewa mbaya, au wa huzuni. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, na waliompa ni maprofesa wa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm. Msomaji aliweke jina hilo la Karolinska akilini, maana tutalikuta tena mbele.

Ambalo halisemwi sana ni jambo la mwaka 1890. Mwaka huo Koch alitangaza kwamba amepata kitu cha kuponya kifua kikuu. Hakueleza kimetengenezwa na nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka pande zote za Ulaya, wengine wakibebwa. Nani angewalaumu? Aliyesema ni Koch mwenyewe, mtu aliyemwona adui kwa macho yake. Haukupita mwaka ikajulikana kwamba dawa ile haiponyi, kwamba wengine iliwazidishia ugonjwa, na kwamba wapo waliokufa nayo. Ilikuwa ni gliserini iliyochanganywa na mabaki ya vijidudu vyenyewe. Ajabu ni kwamba haikupotea bure: ndiyo asili ya kile kipimo cha kuchoma sindano ndogo kwenye ngozi ya mkono kuona kama mtu ameambukizwa. Lakini kuponya haikuponya. Na miaka 16 baadaye, kule Sese, Koch huyo huyo aliwachoma watu wa ziwa letu dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Malale yaliporudi aliongeza dozi. Zaidi ya wagonjwa 20 walipofuka.

Simsimangi marehemu. Alikuwa mwanasayansi mkubwa, na kwa kuwa alikuwa mkubwa, tumaini lake lilitembea haraka kuliko ushahidi wake. Nimeanza naye kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumza, kutengeneza upya mapafu yaliyoharibika kwa kutumia seli shina, lina historia ya namna hiyo hiyo.

Aliyenisukuma kulichunguza ni jirani yangu mmoja hapa Kitendaguro, ambaye zamani nilimfundisha. Aliugua kifua kikuu mara mbili, mara zote akatibiwa na kupona. Makohozi yake hayana kijidudu hata kimoja. Lakini kupona kwake ni kwa kwenye karatasi. Akipanda kilima akiwa na ndoo ya maji husimama mara tatu, na msimu wa mvua hukohoa hadi usiku wa manane. Siku moja alinijia na karatasi aliyochapishiwa mjini na mwanawe, tangazo la kliniki moja ya nchi za mbali. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwalimu, hawa wanasema wanachukua seli za mtu mwenyewe na kumpandia kwenye mapafu. Nikiuza nusu ya kibanja nitapata nauli na sehemu ya malipo. Wewe unasemaje?"

Asiye Mhaya huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Kibanja si kiwanja. Ni migomba, ni kahawa, ni mahali walipozikwa baba na babu. Mtu anayesema atauza nusu ya kibanja ili apumue amekwisha kufanya hesabu zake zote.

Kwanza ilibidi tuelewane ni nini kilichoharibika. Pafu si mfuko mmoja kama kibofu. Ni mti uliopinduliwa: shina lake ni bomba kuu la pumzi linaloshuka kutoka kooni, matawi yake yanagawanyika na kugawanyika tena, na mwisho wa vijitawi kuna vifuko vidogo vya hewa, zaidi ya milioni 300, vyenye kuta nyembamba mno ambazo ndimo hewa safi inapoingia katika damu. Kifua kikuu hula vifuko hivyo na kuacha mashimo. Dawa humuua mlaji, lakini hairudishi kilicholiwa. Mahali pake panabaki kovu, na kovu halipumui.

Seli shina nazo ni nini? Mkulima wa Buhaya ana mfano mzuri kuliko wa vitabuni. Jani la mgomba likikatwa halizai jani jingine. Lakini tunguu lililo chini ya udongo hutoa chipukizi, nalo chipukizi huwa mgomba kamili wenye majani na mkungu. Mwilini pia seli nyingi ni majani. Chache ni tunguu. Ndani ya mapafu mwenyewe zipo za namna hiyo, kwenye kuta za vile vifuko, na kila tunapopata jeraha dogo huamka zikazaa nyingine na kuziba. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha, kwa seli za panya, kwamba hata jani laweza kurudishwa kuwa tunguu, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Kwa hilo alipewa Nobel mwaka 2012. Tangu hapo dunia imejaa watu wanaouza machipukizi.

Mashaka yangu yako kwenye udongo. Bonde likishamomonyoka hadi kwenye mwamba, ukileta machipukizi mia utayapanda wapi? Kovu la kifua kikuu ni mwamba. Fundi wa kweli wa pafu itambidi atengeneze udongo kwanza, maana yake ule mtandao wa nyuzi na mishipa ya damu ambao seli hushikamana nao, na hiyo ndiyo kazi iliyowatoa jasho wataalamu wa dunia nzima hadi leo.

Tuangalie basi ni mafundi gani waliokwisha kuyashughulikia mapafu ya watu wetu, na walifaulu kwa njia gani. Wa kwanza walitegemea hewa na mapumziko. Mwaka 1926 ilianzishwa Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mahali pa wagonjwa wa kifua kikuu kulala, kula na kuvuta hewa ya baridi. Huko Ulaya madaktari walikuwa wakilaza pafu lenye ugonjwa kwa kupuliza hewa kifuani, au kwa kukata mbavu ili kifua kibonyee, kwa fikra kwamba kiungo kikipumzishwa kitajiponya. Baadhi walipata nafuu. Wengi walikufa wakiwa wamepumzika.

Kisha mwaka 1943 Albert Schatz, kijana aliyekuwa akifanya kazi chini ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, alipata streptomaisini kutokana na vijidudu vya udongoni. Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo, maana kilichotokea Uingereza baada ya hapo kwangu mimi ni kikubwa kuliko dawa yenyewe. Vita vilikuwa vimekwisha, fedha hazikuwapo, na dawa iliyopatikana haikutosha wagonjwa wote. Watafiti wakaamua kwamba kwa kuwa haitoshi, basi atakayeipata apangwe kwa bahati nasibu, si kwa cheo wala kwa huruma ya daktari. Wagonjwa 55 walipewa streptomaisini pamoja na kulazwa. Wengine 52 walilazwa tu. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948, na tangu siku hiyo mtu yeyote anayedai kwamba dawa yake inaponya anaweza kuulizwa: kundi lako la pili liko wapi? Kuulizwa huko kulifaa papo hapo, maana kwa kuwafuatilia wagonjwa wale wale iligundulika pia kwamba kijidudu huizoea streptomaisini ikitumika peke yake, na kwamba lazima dawa zichanganywe.

Sehemu ya pili ya habari hiyo ni yetu. Hadi miaka ya 1960 tiba ya kifua kikuu ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa waliichoka kabla haijakwisha. Kuanzia miaka ya 1970 majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yalionyesha kwamba ukichanganya dawa vizuri, rifampisini ikiwamo, miezi 6 inatosha. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1972. Mgonjwa wa Peru au wa China anayemaliza dawa kwa miezi sita leo anafaidi subira ya watu wa Afrika Mashariki, waliomeza vidonge na kutema makohozi kwenye vikopo mwezi hata mwezi ili wahesabiwe. Sijaona sanamu yao mahali popote.

Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na mshauri wake alikuwa Karel Styblo, daktari wa Chekoslovakia ambaye yeye mwenyewe aliambukizwa kifua kikuu katika kambi ya mateso ya Wanazi, Mauthausen. Kazi yake haikuwa na mvuto wa magazeti: rejesta, hadubini katika kila wilaya, dawa zisizokatika, mtu wa kuhakikisha mgonjwa amemeza. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni janga la dunia, dawa waliyoiandikia dunia ilikuwa kwa sehemu kubwa ule utaratibu wa Tanzania.

Lakini kwetu Kagera mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Mwaka 1983 waligunduliwa hapa mkoani wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania. Watu waliuita Juliana, kwa jina la mashati yaliyoingia kutoka Uganda. Ukimwi ulifungua mlango, na kifua kikuu kikaingia. Waliokufa tuliwazika. Waliopona kifua kikuu na wakaishi, mpaka dawa za kupunguza makali zikawafikia, ndio hawa tunaowasikia wakikohoa kanisani na msikitini, na jirani yangu ni mmojawapo. Vitabu vya takwimu vimewaandika "wamepona", vikafungwa.

Kwa watu wa namna hiyo habari iliyotoka Sweden mwaka 2011 ilikuwa kama mvua. Na Sweden kwetu si nchi ya mbali. Hospitali ya Ndolage, kule Kamachumu, ni matunda ya wamisionari wa kutoka huko. Askofu Bengt Sundkler, aliyeliongoza kanisa la Kilutheri la hapa kuanzia 1961 hadi 1964, alikuwa Mswedi. Mzee wa Muleba akiambiwa daktari ni wa Sweden, humwamini kabla hajamwona.

Mwezi Juni mwaka 2011, katika hospitali ya chuo kikuu ya Karolinska, daktari wa upasuaji Mwitaliano, Paolo Macchiarini, alimtoa mgonjwa bomba la pumzi lenye uvimbe na kumwekea jingine la plastiki. Plastiki hiyo ilikuwa imelowekwa kwa muda mfupi katika seli shina zilizotolewa kwenye uboho wa mifupa ya mgonjwa mwenyewe. Ilidaiwa kwamba seli zingeota, zingeivika plastiki nyama hai, na bomba lingekuwa la mwili wake. Mgonjwa alikuwa mtu wa upande wetu wa Afrika, Mweritrea, mwanafunzi wa jiolojia huko Iceland, mwenye mke na watoto. Jina lake lilitangazwa dunia nzima. Mimi naona limetangazwa vya kutosha. Mwezi Novemba mwaka huo huo jarida la Lancet lilichapisha taarifa kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Hayakuwa yakienda vizuri. Seli hazikuota. Plastiki ilibaki plastiki. Mwanafunzi yule alifariki Januari 2014, baada ya mateso marefu. Wengine wawili waliowekewa mabomba ya namna hiyo katika hospitali hiyo nao walikufa. Madaktari wanne wa hapo hapo walisoma mafaili ya wagonjwa, wakaona kwamba yaliyoandikwa jaridani siyo yaliyomo wodini, wakalalamika. Mwaka 2015 mkuu wa taasisi akamtakasa Macchiarini. Ilibidi televisheni ya Sweden irushe filamu mwezi Januari 2016 ndipo mkuu yule akajiuzulu na daktari akafukuzwa kazi. Lancet iliifuta taarifa yake mwaka 2018. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kuwadhuru wagonjwa wake watatu. Uchunguzi ulionyesha kwamba kabla ya kumpasua binadamu hapakuwa na majaribio ya kutosha kwa wanyama, wala kibali cha maadili. Hapakuwa na kundi la pili. Hapakuwa hata na kundi la kwanza. Alikuwapo mtu mmoja, mgeni, mgonjwa, aliyeambiwa kwamba njia nyingine hakuna.

Na hapa nitaomba ruhusa ya kukumbusha yaliyokuwa yakitokea kwetu miezi ile ile. Mwanzoni mwa mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa barabarani kuelekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Walikwenda maskini na walikwenda viongozi. Wapo waliotoka wodini na mirija yao, wapo walioacha dawa, wapo waliofia kwenye foleni. Baadaye wasomi wetu waliona haya, wakasema ni ujinga wa Kiafrika. Mimi sikubali. Stockholm, mahali inapotolewa Nobel, walikuwa na kikombe chao mwaka huo huo, na cha kwao kilikuwa ghali zaidi, na hakikuwa na hata ule unyofu wa Babu kunywesha watu wote dawa moja. Tofauti ninayoiona ni moja: kwao walikuwapo wanne waliofungua mafaili, na hatimaye pakawapo mahakama.

Je, seli shina ni uongo basi? La hasha. Kwa magonjwa ya damu zimekwisha kushinda. Edward Donnall Thomas wa Marekani alianza kupandikiza uboho katika miaka ya 1950, akashindwa kwa miaka mingi huku akiandika kila alichoshindwa, na mwaka 1990 akapewa Nobel. Leo hata Tanzania kazi hiyo inafanyika: Muhimbili walianza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya uboho, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Damu ina bahati yake. Seli zake huelea, hazihitaji udongo.

Mapafu ni habari nyingine. Nilimsomea jirani yangu niliyoyapata kwa msaada wa mjukuu wangu. Marekani walijaribu seli za uboho kwa wagonjwa 62 wenye mapafu sugu, na matokeo ya mwaka 2013 yalisema kwamba hazikuwadhuru, wala hazikuwaongezea pumzi. Jaribio jingine, la watu 60 waliokuwa mahututi kwa mapafu kujaa maji, lilionyesha vivyo hivyo: usalama, bila kupunguza vifo. Mwaka 2024 Wachina walitoa habari yenye matumaini zaidi. Walichukua seli shina kutoka kwenye mapafu ya mgonjwa mwenyewe, wakazizalisha maabara, wakazirudisha. Kwa wagonjwa 17 waliotibiwa, uwezo wa mapafu kupitisha hewa kwenye damu uliongezeka. Waliolinganishwa nao walikuwa 3 tu. Watu 3 si kundi la pili, ni mashahidi wa harusi. Lakini ni mwanzo wa haki, na ningependa kuuona mwisho wake kama Mungu atanijalia siku.

"Kwa hiyo ile kliniki?" akauliza.

Nikamwambia aandike barua yenye swali moja: mmewatibu wangapi wenye kovu la kifua kikuu kama mimi, na wangapi mliwalinganisha nao? Mwanawe aliituma. Jibu lilikuja upesi, likiwa na bei, namba ya akaunti, na picha ya mama mmoja anayecheka.

Kisha nikamweleza habari ya Kampala, ambayo haina picha. Pale Mulago, madaktari wa Makerere pamoja na wenzao wa Uingereza waliwachukua watu 34 waliopona kifua kikuu lakini pumzi haitoshi. Hawakuwapa seli wala kidonge kipya. Kwa wiki 6, mara mbili kwa wiki, waliwafanyisha mazoezi ya kutembea, kuinuka na kuketi, kunyanyua vitu vizito kidogo kidogo, na kuwafundisha namna ya kuvuta pumzi. Waliomaliza walitembea mbali zaidi kuliko walipoanza, na wakasema wanaishi vizuri zaidi. Yalichapishwa mwaka 2017. Kundi la pili hawakuwa nalo, nililisema hilo pia, maana sheria ni ile ile kwa Kampala na kwa China. Ila mazoezi hayauzi kibanja cha mtu.

Alikwenda kwanza hospitali ya mkoa akapimwa, wakamruhusu. Anatembea asubuhi, kabla jua halijawa kali, akihesabu nguzo za umeme zilizo kando ya barabara. Alianza na nguzo nne. Sasa hufika ya tisa, huegemea kidogo, kisha hurudi.